Chapa za Banks' Florilegium: kabla hujatoa pesa

Banks' Florilegium ni mkusanyo wa chapa za mimea. Ukizitaka chapa hizi kwa kuwa unapenda rangi za maji, jua mapema kwamba siyo rangi za maji unazouziwa. Ni michoro iliyochongwa kwenye mabamba ya shaba, ikatiwa wino na kupigwa chapa. Kazi nzuri mno, ila ni kazi nyingine.

Chanzo chake ni michoro ya Sydney Parkinson, mchoraji aliyesafiri na mtaalamu wa mimea Mwingereza Joseph Banks katika Endeavour, meli ya Kapteni Cook, kuanzia 1768. Banks aliwalipa wachongaji hadi 1784, mabamba yakapita 700, kisha hakuyachapisha. Wachapishaji Alecto Historical Editions, wakishirikiana na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, ndio waliochapa mabamba 738 kwa rangi kati ya 1980 na 1990, seti 100. Leo karatasi mojamoja huuzwa minadani na kwa wauzaji wa michoro.

Thamani yake iko kwenye upakaji wino. Kila rangi hugongwagongwa mahali pake kwa kifundo cha kitambaa, zote kwenye bamba moja. Wino wa juu hufutwa, ubaki ulioingia kwenye michirizi, na bamba hupita mashineni mara moja tu. Nakala inayofuata huanza upya, kwa hiyo hakuna mbili zinazolingana kabisa. Vijisehemu vidogo humaliziwa kwa brashi.

Kinachopotea ni mwanga. Katika rangi za maji, weupe wa karatasi hupenya tabaka jembamba la rangi. Kwenye chapa, kivuli hutengenezwa kwa mistari iliyosongamana. Majani magumu kama ya Banksia serrata, mti wa Australia, hutoka vizuri ajabu. Petali nyororo huonekana kama zimefunikwa chandarua.

Usahihi wa rangi nao unategemea mmea ulipochorwa. Kule Tahiti inzi walikuwa wakila rangi karatasini, lakini Parkinson alikamilisha michoro mingi mwenyewe. Australia, mwaka 1770, mimea ilimzidi: alichora umbo kwa penseli, akapaka kipande cha jani na ua, akaandika maelezo ya rangi nyuma ya karatasi. Alifariki baharini Januari 1771, na wengine wakamalizia London. Hiyo Banksia ilikamilishwa na John Frederick Miller mwaka 1773. Anayejali rangi kuliko umbo achague mimea ya Brazili au Tahiti.

Kabla ya kulipa, inamisha karatasi kwenye mwanga wa pembeni: ukingo wa bamba lazima uwe umebonyea. Kwa kioo cha kukuza mara 10, ukiona vitone vilivyojipanga, hilo ni bango la kiwandani. Karatasi halisi ni ya Somerset, gramu 300 kwa mita ya mraba, takriban sentimita 72 kwa 55, na pambizoni ina mihuri ya kubonyeza isiyo na wino. Iliyokatwa pambizo, bei ishuke sana.

Wa pwani wajihadhari na unyevu. Karatasi isigusane na kioo, jasho la kioo huzaa kuvu. Weka kati yake kadi isiyo na asidi. Usitumie selotepu kuishikiza. Vipande vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano vinatosha, upande wa juu pekee, ili karatasi ipate kutanuka na kusinyaa bila kukunjamana.