Mkahawa wa Kibokoni: picha safi, kahawa nzuri, ubishi wenye ushahidi

Ukitaka pahali pa kutazamia mpira ambapo picha haikwami, nenda mkahawa wa kahawa ulio uchochoroni Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Hauna kibao. Uliza kwa Ami wa kahawa, utaelekezwa.

Kinachonipeleka mimi ni rimoti ya Ami. Wateja wakibishana, haharakishi mechi: huirudisha, huisimamisha, huisogeza polepole mpaka kila mtu aridhike.

Jumamosi, Ligi Kuu ya Uingereza ilipokwisha, baharia mmoja aliyewahi kutia nanga Mobile, Alabama, aliomba mechi ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo ya 2013, Auburn na Alabama. Ni 28 kwa 28, imebaki sekunde moja. Alabama wanapiga teke la yadi 57 kutafuta pointi za ushindi, mpira unapungua nguvu, Chris Davis wa Auburn anaudaka nyuma kabisa, anakimbia nao uwanja mzima mpaka upande wa pili: pointi sita. Auburn 34, Alabama 28.

Mkahawa ukawaka. Kijana mmoja akasema Davis hana mbio, wanaomfukuza ndio wazito. Mwengine akamleta Omanyala, mkimbiaji wetu wa mita 100, na sekunde 9.77 zake za Kasarani, 2021. “Ami, simamisha hapo!” Ami akasimamisha katikati ya uwanja: mguu wa Davis uko pembeni mwa chaki, bado kidogo atoke nje. Akairudisha tena, tukawatazama Alabama. Kikosi kile kiliingia kwa ajili ya teke, kimejaa majitu ya kukinga mpigaji, si watu wa kukimbizana. Kijana ana hoja. Lakini Davis alibeba yadi 109, karibu mita 100, na kofia kichwani na mpira mkononi, huku akichagua njia. Omanyala hana wa kumkwepa. Mbio zilikuwepo, na kilichomfikisha ni kule kukata kushoto mapema, wenzake wakamfungulia njia. Hilo huwezi kuliona bila picha ya polepole.

Kahawa ni chungu, ina tangawizi ya kutosha, na kashata zake hazishikani na meno. Viazi karai vije na ukwaju, usikubali bila. Mabenchi hayana mgongo na feni ni moja, kwa hivyo wahi upande wa mlangoni.

Mechi nyingi za vyuo vya Marekani kwetu huchezwa usiku mkubwa na Ami hufunga saa tano, basi hizo utaziona kwa marudio tu, tena baada ya Ligi Kuu.