*106#, 15040 na namba 100: kipi kimenisaidia dhidi ya matapeli wa simu

Kati ya huduma zote za serikali za kujikinga na matapeli nilizotumia hapa Tanzania, *106# ndiyo naipa nyota tano. Ni ya kuhakiki usajili wa laini, inasimamiwa na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano), na haitaki simu janja wala bando. Unabonyeza, menyu inakuja, unachagua kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, iwe mkononi kabisa, tarakimu zote 20, maana menyu za namna hii hazina subira: ukianza kupekua mkoba inakatika, unaanza upya.

Nilibonyeza bila wasiwasi wowote, nikakuta namba nisiyoijua imesajiliwa kwa NIDA yangu. Hapo hapo nikawakumbuka vijana wa usajili wanaokaa chini ya mwamvuli pale stendi. "Dada, kidole hakijasoma, weka tena." Unafuta dole gumba kwenye kanga, unaweka tena, unaondoka na laini yako moja. Kwa wakala asiye mwaminifu, kile kidole cha pili ndicho kinachosajili laini nyingine, naye anaiuza kwa matapeli wa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, tapeli hapati laini bila kidole cha mtu, kwa hiyo vidole vyetu vimepata soko. Na laini hiyo ikitumika kumwibia mtu, anayetafutwa kwanza ni mwenye jina.

Ila *106# inakuonyesha tu, haifuti. Ilibidi niende duka la mtandao husika na kitambulisho. Mhudumu akaniuliza kama nina uhakika kwamba laini si yangu, labda nimempa mtoto. Sina mtoto mwenye simu. Nikaweka kidole tena (safari hii macho yote kwenye kile kifaa), laini ikaondolewa. Kwa mwenye laini za mitandao zaidi ya mmoja, nashauri uhakiki kwa kila laini, na urudie kila baada ya miezi michache.

15040 ni ya kuripoti. Ujumbe wa kitapeli ukiingia, unausambaza kama ulivyo kwenda 15040, kisha unatuma na namba iliyoutuma. Ni kazi ya dakika moja, na nimeizoea kuliko ile starehe yetu ya kumjibu tapeli "hela nishatuma, angalia salio". Najua raha yake! Lakini ukijibu, anachojua ni kwamba namba yako ina mtu.

Tatizo ni kwamba watu wengi wanaitarajia 15040 irudishe hela. Siyo kazi yake. Kama hela imeshatoka, usianze kwa kuripoti ujumbe. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, haraka waangalie kama muamala unaweza kuzuiwa kabla hajaitoa kwa wakala, halafu nenda polisi ukachukue RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yako). Tapeli naye anajua kwamba muda ndio kila kitu, ndiyo maana hela ikifika tu anaikimbilia.

Hiyo 100 ina faida nyingine. TCRA wanasisitiza kwamba huduma kwa wateja wa mitandao wanakupigia kwa 100 tu, si kwa namba ya kawaida. Nilimwambia shangazi yangu aliyeko Iringa, mtu asiyetaka habari za menyu, na hilo moja alilishika. Alipigiwa na kijana mwenye adabu zote: "Shikamoo mama, napiga kutoka huduma kwa wateja, akaunti yako inataka kufungwa." Akaitikia marahaba, kisha akamuuliza mbona hajapiga kwa namba 100. Simu ikakatwa. Alinipigia kunisimulia, na kilichomuudhi ni kwamba kijana hakuaga.

Upande wa mikopo ya mtandaoni naitumia Benki Kuu. Novemba 2024 BoT walitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni, zile zinazoomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu yako, halafu ukichelewa kulipa wanamtumia ujumbe wa kukuaibisha hadi mchungaji wako. Tangazo lilisaidia, lakini orodha ya waliokatazwa huchakaa upesi, maana programu inaweza kurudi na jina jipya na rangi mpya. Mimi natazama orodha ya wenye leseni, iliyoko kwenye tovuti yao. Kwenye simu ndogo inachosha macho kuisoma; kama huna kompyuta, mwombe mtu wa steshenari akuchapie kurasa unazohitaji, na jina utakalolitafuta humo liwe la kampuni inayotoa mkopo, kwa sababu linaweza kuwa tofauti na lile linalong'aa kwenye tangazo.