Kamera na Lenzi ya Kwanza kwa Picha za Ndege na Wanyamapori: Jozi Zipi Zinunuliwe, na kwa Mpangilio Upi

Mtu anayetaka kuanza kupiga picha za ndege na wanyamapori kwa kawaida huuliza kwanza habari za kamera, ilhali swali la kwanza lilipaswa kuwa la lenzi. Kamera hupitwa na wakati baada ya miaka michache, lakini lenzi nzuri huhamishwa kutoka kamera moja hadi nyingine, na ndiyo inayoamua kama ndege ataonekana manyoya yake au atabaki kuwa doa la kahawia katikati ya majani. Kwa sababu hiyo mpangilio ufuatao ni wa jozi, yaani kamera pamoja na lenzi yake, na nimezipima kwa maswali mawili: je, jozi hiyo itabebeka mkononi asubuhi nzima, na je, itamnasa ndege mdogo aliye umbali wa kawaida kwa ukubwa wa kuridhisha?

Swali la pili linaweza kujibiwa kwa hesabu kabla ya kutoa hata senti moja. Shomoro ana urefu wa takriban sentimita 15. Akiwa umbali wa mita 10, lenzi ya milimita 400 (kipimo cha uwezo wa lenzi wa kuvuta mbali) huchora taswira yake yenye urefu wa milimita 6 hivi juu ya kihisi cha kamera, yaani kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Kihisi cha ukubwa kamili kina upana wa milimita 36, kwa hiyo shomoro huyo atachukua kama sehemu moja ya sita ya upana wa picha. Kihisi cha APS-C cha Canon, ambacho ni aina ndogo kuliko hicho, kina upana wa milimita 22 na ushei, na hapo atachukua zaidi ya robo. Akisogea hadi mita 20, taswira hupungua kwa nusu. Ndiyo maana lenzi ya milimita 300, inayouzwa pamoja na kamera nyingi za wanaoanza, humchosha haraka mpenda ndege ingawa inamtosha kabisa anayepiga picha za wanyama wakubwa, na ndiyo maana kihisi kidogo, ambacho wauzaji wengine hukitaja kana kwamba ni kilema, ni rafiki wa mtu anayeanza.

Nafasi ya kwanza naipa kamera ya APS-C isiyo na kioo cha ndani, ikiwa na lenzi nyepesi ya milimita 100 hadi 400. Mfano ulio wazi zaidi ni Canon EOS R7, iliyotoka mwaka 2022, pamoja na lenzi ya RF 100-400mm f/5.6-8 (tarakimu ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo). Lenzi hiyo ina uzito wa gramu 635 tu, na kwa fani hii hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa kamera iliyoachwa nyumbani kwa uzito wake haipigi picha yoyote. Kamera yenyewe ina megapikseli 32.5, kwa hiyo picha inaweza kukatwa pembeni na bado ikabaki na maelezo ya kutosha. Hata hivyo, sababu kuu ya kuiweka mbele ni mfumo wake wa fokasi, yaani wa kulenga ukali wa picha, unaotambua wanyama na ndege na kulifuata jicho lao lenyewe. Ndege anaporuka tawi hadi tawi, mpiga picha mgeni hana muda wa kusogeza alama ya fokasi kwa kidole, na katika zile kamera za zamani fokasi ilikuwa ikinata kwenye kijiti kilichopita mbele ya kichwa, ndege akatoka na mkia mkali na uso wenye ukungu. Mfumo wa kutambua jicho haujaondoa kosa hilo kabisa, hasa vichakani, lakini umelipunguza kiasi cha kumwezesha mgeni kurudi na picha nzuri mapema zaidi.

Jozi hii ina kasoro mbili ambazo mnunuzi anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni mwanga. Kwenye milimita 400 tundu la lenzi hiyo ni f/8, na hilo hupitisha nusu tu ya mwanga unaopitishwa na f/5.6. Ndege aliyetulia anaweza kupigwa kwa kasi ya shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) ya 1/500 ya sekunde, lakini mdogo anayeruka huhitaji 1/2000 au zaidi, na chini ya miti mirefu kasi hiyo italazimisha ISO, yaani wepesi wa kihisi kuitikia mwanga, ipande hadi chembechembe zianze kuonekana. Kituliza mtikisiko hakisaidii hapo, kwa kuwa kazi yake ni kutuliza mkono wa mpiga picha na hakina mamlaka juu ya mabawa. Kasoro ya pili ni kwamba kihisi cha R7 husomwa polepole shata ya kielektroni inapotumika, na mabawa yanayopiga kwa kasi yanaweza kutoka yamepinda; dawa yake ni kutumia shata ya kawaida, ambayo bado hupiga picha 15 kwa sekunde. Anayependelea kampuni nyingine anaweza kuangalia Sony a6700 ya mwaka 2023 au Nikon Z50II ya mwaka 2024, zote zikiwa na uwezo wa kutambua ndege, ila kwa Nikon mojawapo ya lenzi za asili zinazofika mbali ni ile ya Z 180-600mm, yenye uzito wa karibu kilo 2, na Z50II haina kituliza mtikisiko ndani ya mwili wake.

Nafasi ya pili ni ya vifaa vilivyotumika, na kwa mwenye bajeti finyu huenda ikawa ya kwanza. Kwa kuwa wapiga picha wengi wamehamia kamera zisizo na kioo, DSLR, yaani kamera zenye kioo cha ndani, zilizokuwa tegemeo la wataalamu sasa huuzwa kwa sehemu ya bei yake ya awali. Nikon D500, iliyotoka mwaka 2016 ikiwa na alama 153 za fokasi na kasi ya picha 10 kwa sekunde, bado humnasa mwewe angani bila kusuasua, na lenzi ya 200-500mm f/5.6 inayoendana nayo hubaki f/5.6 hadi mwisho wa zumu. Gharama yake ni misuli: lenzi hiyo pekee ina kilo 2.3. Kwa upande wa Canon, lenzi ya zamani ya EF 400mm f/5.6L ina kilo 1.25, ni kali, na fokasi yake ni ya haraka, lakini haina kituliza mtikisiko wala haisogei karibu zaidi ya mita 3.5, kwa hiyo inamfaa zaidi anayewinda ndege warukao mchana wa jua.

Kabla ya kulipia lenzi iliyotumika, ielekeze kwenye taa, fungua tundu lake kabisa na utazame ndani kutoka pande zote mbili. Nyuzi nyembamba zilizosambaa kama utando wa buibui ni kuvu, na lenzi ya namna hiyo iachwe hata ikiwa bei inavutia. Vumbi kidogo halidhuru. Kisha piga picha ya maandishi madogo kwa milimita ya mwisho, tundu likiwa wazi, uikuze kwenye skrini na kulinganisha upande wa kushoto na wa kulia. Upande mmoja ukiwa na ukungu kuliko mwingine, inawezekana lenzi iliwahi kuanguka.

Ya tatu ni familia ya Micro Four Thirds, ambayo kihisi chake ni kidogo zaidi, kiasi kwamba lenzi ya milimita 400 huonyesha eneo lilelile ambalo milimita 800 ingeonyesha kwenye kihisi cha ukubwa kamili. OM-1 ya mwaka 2022 hutambua ndege na hustahimili mvua, na lenzi ya Panasonic Leica 100-400mm haifiki kilo 1. Kwa anayetembea mwendo mrefu hakuna jozi inayonishawishi zaidi ya hii. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya machweo na mapambazuko, wakati wanyama wengi wanapotoka, ambapo kihisi hicho kidogo huanza kutoa chembechembe mapema kuliko vingine.

Ya nne ni kamera zenye lenzi isiyotoka. Nikon P1000 hufika kipimo kinacholingana na milimita 3000, na tarakimu hiyo imewauzia watu wengi kamera hiyo. Kihisi chake, hata hivyo, kina upana wa milimita 6 tu, na katika umbali mkubwa hewa yenye joto hutikisa taswira kiasi ambacho hakuna lenzi inayoweza kurekebisha. Inafaa kwa kumtambua ndege ni wa aina gani. Sony RX10 IV, yenye kihisi kikubwa zaidi na f/4 kwenye kipimo cha milimita 600, ni kamera makini zaidi, ingawa bei yake humfikisha mnunuzi karibu na jozi ya kwanza.

Kamera ya kihisi cha ukubwa kamili na lenzi kama Sony 200-600mm naiweka mwisho kwa anayeanza tu. Picha zake ni safi, lakini zaidi ya kilo 2 za lenzi na gharama ya mwili wenye megapikseli za kutosha kukata picha ni mzigo ambao ni vema uahirishwe.

Pesa itakayobaki inunue betri ya pili na kadi ya kumbukumbu yenye kasi kubwa ya kuandika, kwa kuwa kadi ya polepole huifanya kamera isimame katikati ya mfululizo wa picha. Kikuzio cha mara mbili (kifaa kinachowekwa kati ya kamera na lenzi ili kuongeza milimita zake maradufu) kisinunuliwe kwa lenzi hizi: hupunguza mwanga hadi robo, na ile f/8 ya RF 100-400mm hugeuka f/16.