Imeli ya mama mdogo: nilipoihamishia na ninacholipa

Mama mdogo ana ghala la dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mzigo ukiingia kutoka visiwani, kabla hajauliza bei anachota kiganja, anatia mdomoni na kutafuna taratibu huku anaangalia juu. Anatafuta mchanga. Dagaa walioanikwa chini wana mchanga, wa kwenye chanja hawana, na muuzaji aongee mpaka jioni, meno yameshasema.

Mimi ndiye fundi wake wa imeli. Kazi nilipewa bila barua ya ajira: "Si wewe uliyesoma kompyuta?" Na kwa kweli miaka yote hiyo nilimchagulia imeli bila kutafuna.

Anwani yake ya kwanza ilikuwa ya bure. Ilifungwa kwenye laini ya simu ambayo nayo ilizimwa mwaka 2020, wakati laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipokatwa na namba yake ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ilikuwa haijatoka. Aliponunua simu mpya, mtandao ukadai msimbo uliotumwa kwenye laini ile ile iliyokufa. Hakukuwa na mtu wa kumpigia. Oda, risiti na mazungumzo na wateja wa Lubumbashi na Bujumbura, vyote vikabaki huko.

Ya pili tulipewa na kijana mmoja wa kutengeneza tovuti. Bei poa, anwani yenye jina la biashara, mama mdogo akafurahi. Mapema 2024 wateja wakaanza kulalamika kwamba hajibu. Kumbe anajibu! Proforma, yaani ankara za bei anazotuma kabla ya mauzo, zilikuwa zinaishia kwenye spamu au zinarudishwa. Nilipochimba nikakuta mambo mawili. Seva ile, kompyuta inayopokea na kutuma barua, tulikuwa tumepanga wengi, na mmoja wa majirani alikuwa akimwaga spamu, kwa hiyo anwani ya seva nzima ilikuwa kwenye orodha nyeusi. Halafu domeni yetu, lile jina la biashara linalokuja baada ya @, haikuwa na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako) wala DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye kila barua), na Februari 2024 ndiyo Google na Yahoo walipoanza kudai kila mtumaji awe na angalau kimojawapo. Wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku wanadaiwa vyote viwili pamoja na DMARC, maelekezo ya nini kifanyike barua ikishindwa ukaguzi huo.

Lililoniuma zaidi ni kugundua kwamba domeni iliandikishwa kwa jina la kijana, siyo la mama mdogo. Ilichukua wiki tatu za simu, na pesa kidogo ya "usumbufu", kupata msimbo wa kuihamishia. Kwa hiyo kabla hujauliza imeli gani ni nzuri, uliza domeni iko kwa jina la nani. Ikiwa yako, mwenye seva akikuudhi unabadilisha mistari miwili mitatu ya DNS, daftari la mtandao linaloonyesha domeni inatumia seva zipi, unahama na anwani yako. Ikiwa ya mwingine, wewe ni mpangaji usiye na mkataba.

Nilipoanza kutafuta nilitaka kampuni inayojitegemea, inayoishi kwa ada ya imeli. Posteo ya Berlin ni euro moja kwa mwezi, lakini haipokei domeni yako mwenyewe, nikaiacha hapo hapo. Proton ya Uswisi ina usimbaji mzuri, ila ukitaka kusomea kwenye Thunderbird, programu ya barua ya kompyuta, unahitaji programu yao ya kati, ambayo ni ya wanaolipia. Kwenye kompyuta ya ghala, inayochukua dakika nne kuwaka, sikutaka kuongeza kitu. Fastmail ya Australia niliitamani sana: iko tangu 1999, iliuzwa kwa Opera mwaka 2010, na 2013 wafanyakazi wenyewe wakainunua tena. Watu wa namna hiyo hawafungi duka usiku. Lakini ni zaidi ya dola 50 kwa mwaka kwa mtu mmoja, na mimi nilitaka masanduku matatu: lake, la oda, na la binti anayeandika hesabu.

Nikaishia Migadu, nao ni wa Uswisi. Kilichonivuta ni kwamba kwenye tovuti yao kuna ukurasa wa mapungufu yao wenyewe. Nilimsomea mama mdogo kwa Kiswahili changu cha kutafsiri papo kwa papo. Akacheka. "Huyu anakwambia gunia la chini lina mchanga. Nunua kwake."

Kifurushi cha chini nilikilipia dola 19 kwa mwaka, karibu elfu hamsini, haifiki nauli ya basi mpaka Dar. Hawahesabu masanduku, fungua unayotaka. Wanachohesabu ni barua: 20 zinazotoka kwa siku na 200 zinazoingia. Hapo ndipo wengi wangesita. Sisi tulifungua daftari la oda na kuhesabu, na siku yenye pilika kuliko zote alikuwa ametuma 11. Kama wewe unatuma matangazo kwa wateja mia, hii siyo yako. Na kama unataka kupiga simu uongee na mtu, hakuna, unawaandikia nao wanaandika. Malipo nilifanya kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, ikakubali mara ya kwanza.

Kuhamisha nilikufanya nimekaa juu ya gunia, makuli wananipita kichwani, simu mkononi. Usinifuate, kaa mezani. Paneli ya domeni ina kila kitu kwa maandishi madogo. MX, mstari unaosema barua ziingie seva gani, nikabadilisha, DKIM nikabandika, halafu kwenye SPF nikaongeza mstari mpya bila kufuta wa zamani. Domeni inaruhusiwa mstari mmoja tu wa SPF. Ikiwa miwili, anayepokea anahesabu ni kosa, kama vile huna kabisa. Siku mbili nzima proforma zilirudi spamu na mimi nikawalaumu Waswisi. Nilipofuta ule wa zamani, jioni yake nikatuma jaribio kwenye simu ya rafiki na likaingia sanduku kuu. Mama mdogo aliniangalia tu, hakusema.

Kwenye simu yake nimeweka programu ya kawaida ya barua kwa IMAP, njia inayoziacha barua kwenye seva ili vifaa vyote vione kitu kimoja, siyo POP3. Kompyuta ya zamani ilikuwa POP3, inazishusha barua na kuzifuta kwenye seva, ndiyo maana simu ilikuwa haioni kilichosomwa ghalani. Sasa akisoma akiwa Nansio, kisiwani Ukerewe, binti wa hesabu Kirumba anaona imesomwa.

Mtihani ulikuja mapema. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Kwa mama mdogo picha za WhatsApp zilikuwa zinazunguka tu. Alinipigia: "Barua zangu zimekufa?" Hazikufa. Seva iko nje, iliendelea kupokea, sisi ndio tulikuwa hatuioni. Hata ingekuwa iko hapa nchini, seva ya mtumaji huwa haikati tamaa haraka, mara nyingi inarudia kujaribu kwa siku kadhaa kabla ya kurudisha barua. Mtandao ulipotengemaa zikaingia kwa mpigo, moja ni oda ya magunia arobaini.

Tangu hapo sina malalamiko makubwa. Ukurasa wao wa kusomea barua kwenye kivinjari ni mkavu, hauna urembo, lakini ni mwepesi, na kwa bando letu huo ndio urembo.

Kuna swali moja tu lililonishtua, nalo lilitoka kwake: "Na wewe ukifa?" Msimamizi wa akaunti ni mimi, nywila zilikuwa kichwani mwangu. Sasa ziko kwenye bahasha ndani ya sanduku lake la chuma, pamoja na hati ya kiwanja. Na tahadhari za domeni kukaribia kuisha nimezielekeza kwenye anwani nyingine kabisa, nje ya domeni yenyewe, maana ikiisha muda hata barua ya kukuonya haitakuwa na pa kuingilia.

Yeye hakuamini tahadhari hizo. Kwenye ukuta wa ghala, anapoandika kwa chaki wanaodaiwa ndoo za dagaa, ameongeza mstari mmoja chini kabisa: DOMENI – FEBRUARI. Wadaiwa wanafutwa wakilipa. Huo kijana wa kufagia ameshakatazwa kuugusa.