Bahasha za kaki za kuwekea mbegu, nyota 4 kati ya 5
Aisee hizi bahasha ziko poa kuliko vifuko vya plastiki, karatasi inapitisha hewa so unyevu haubaki ndani kuleta ukungu, ila mbegu ziwe zimekauka kwelikweli kabla hujafunga. Za nyanya ziache kwanza kwenye majimaji yake siku 2 au 3 mpaka ule utelezi uachie, ndo unaosha na kuanika kivulini. Za maharage wala hazina kazi, acha maganda yakaukie kwenye mmea. Gundi ndo kimeo, mbegu ndogondogo zinapenya pembeni, kunja mara mbili. Na usijaze mbegu za mazao ya haibridi humu (zile F1, chotara wa aina mbili tofauti), msimu ujao miche haitafanana na mama yake. Za kawaida unajichagulia mmea uliozaa vizuri, wala dukani hurudi tena.