Digrii ya hisabati hapa Dar: uzoefu wangu baada ya kumaliza

Nimemaliza shahada ya kwanza ya hisabati kwenye chuo kimoja hapa Dar, na kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka wadogo zangu wa mtaani hawaniachi: "Bro, hiyo kozi inalipa?" Naipa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja niliyoinyima haihusiani na ugumu.

Kwanza mjue mnaingia wapi. Ukitoka PCM (fizikia, kemia, hisabati) au EGM (uchumi, jiografia, hisabati) umezoea hesabu za kutafuta jibu: unakumbuka njia, unapiga mahesabu, unapigia jibu mistari miwili, unahama. Huku jibu mara nyingi umeshapewa. Swali linasema "thibitisha kwamba", na kazi yako ni kuonyesha kwa nini haiwezekani kuwa vinginevyo. Watu waliokuja na A za kukariri pasti pepa walipigwa butwaa muhula wa kwanza, na wengine waliokuja na C zao za jasho wakatulia kabisa.

Somo linalokata watu ni analisisi, lile la namba halisi na vikomo. Chukua 1, jumlisha nusu, jumlisha theluthi, robo, moja ya tano, uendelee hivyo bila kukoma. Vipande vinazidi kupungua mpaka vinakaribia sifuri. Je, jumla itagota mahali? Ukimuuliza mwenye kalkuleta atakwambia itagota, maana inajikongoja kweli: kuvuka 10 tu unahitaji vipande 12,367, na kuvuka 20 unahitaji zaidi ya milioni 272. Lakini haigoti. Theluthi ni kubwa kuliko robo, kwa hiyo theluthi na robo zikiunganishwa zinazidi robo mbili, yaani nusu. Vipande vinne vinavyofuata, kuanzia moja ya tano hadi moja ya nane, hakuna kilicho chini ya moja ya nane, basi navyo vinazidi nusu. Vinane vinavyofuata hivyohivyo. Kila kundi linakuongezea nusu nyingine, na makundi hayaishi.

Hoja hiyo ni ya Nicole Oresme, Mfaransa wa karne ya 14, enzi ambazo hakuna aliyeota kompyuta. Nilielezwa na mwenzangu usiku kwenye kimbweta, yaani meza na viti vya zege vya nje pale chuoni, anachora makundi kwa chaki juu ya zege huku tunapiga mbu. Kompyuta ingeweza kujumlisha wiki nzima na bado ikakudanganya. Kwangu mimi, ada ya mwaka wa kwanza ilirudi pale.

Kwa kweli vimbweta ndiyo chuo chenyewe. Lekcha ni Kiingereza, mtihani ni Kiingereza, ila kuelewa kunafanyika kwa Kiswahili, kwa kubishana. Tulipofika kwenye mwendelezo wa fomula (continuity, yaani ukisogeza x kidogo jibu nalo lisogee kidogo tu, lisiruke), kundi zima lilikwama kwenye tofauti ya ule wa kawaida na ule wa sare (uniform), maana sentensi zake zinafanana, kilichohama ni mpangilio tu. Dada mmoja wa kundi letu ndiye aliyetukomboa. Akasema: "Kila abiria ana kiti chake" siyo sawa na "kuna kiti kimoja ambacho ni cha kila abiria." Ya kwanza ni basi la mkoani, ya pili ni daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni. Tukacheka, kisha tukarudi kwenye mfano wa 1 gawanya kwa x, kati ya 0 na 1: kila nukta inapata delta yake, yaani umbali ambao x inaruhusiwa kusogea bila jibu kuruka mbali, lakini ukitafuta delta moja ya kuzitosha nukta zote hupati, kwa sababu ukisogelea sifuri inabidi ipungue tu. Hapo kila mtu akaandika mwenyewe, bila desa, yaani notsi za kunakili.

Sasa ile nyota. Mwaka wa kwanza masomo ya msingi tulisoma pamoja na watu wa kozi nyingine, ukumbi unajaa mpaka kwenye ngazi, spika inakoroma, na mhadhiri anasoma slaidi ambazo tayari ziko kwenye madesa ya steshenari. Semina, ambazo ndizo zenye faida kwa somo la aina hii, zilikuwa zinaahirishwa ovyo kwa sababu walimu wasaidizi hawatoshi. Matokeo ya tamrini ya muhula yanatoka ukiwa umeshaingia kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula, kwa hiyo hujui ulikosea wapi hadi umekosea tena. Ukipata mhadhiri anayesahihisha uthibitisho mstari kwa mstari kwa kalamu nyekundu, mng'ang'anie. Nilimpata mmoja, Dokta mkali kwelikweli, karatasi inarudi imejaa "kwa nini?" kila kona. Wenzangu walimkimbia. Mimi namshukuru mpaka leo.

Upande wa kompyuta, utapitia MATLAB au Python kidogo, na ripoti ya mradi wa mwisho ni vizuri uichape kwa LaTeX, ni bure. Laptopu ya kawaida inatosha. Masomo ya video ya MIT OpenCourseWare nayo ni bure, gharama ni bando, kwa hiyo pakua mapema ukipata waifai. Kwa utulivu, mimi nilikuwa napanda mwendokasi kutoka Kimara hadi Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi. Kuna feni, na hakuna anayekusumbua.

Alama zisikutishe, ila zisikuzoee. GPA ni ya 5: daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5. Sapu, yaani mitihani ya kurudia, za mwaka wa kwanza hapa si aibu, nusu ya marafiki zangu wanazijua. Mtu anadisko, yaani anaondolewa chuo, kwa kujificha na maswali yake, mara chache kwa kukosa akili.

Kuhusu hela. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa serikali, likichelewa, tuisheni inakuokoa: mwanafunzi wa hisabati hakosi mtoto wa kidato cha nne wa kufundisha, na wazazi wa Dar wanalipa. Ukishaajiriwa, mkopo unakatwa asilimia 15 ya mshahara, piga hesabu hiyo mapema kabla ya kuahidi nyumbani. Ajira zipo, lakini hakuna tangazo linaloandika "anatakiwa mwanahisabati". Wenzangu wako benki, bima, kwenye takwimu, wengine wanaandika programu. Mama mkubwa bado anauliza nafundisha shule gani. Kama unachotaka ni kufundisha kweli, usichukue digrii niliyosoma mimi. Chukua ya sayansi na ualimu, hisabati utaisoma na mazoezi ya kufundisha utayapata humohumo, badala ya kumaliza halafu urudi kutafuta stashahada ya ualimu kwa hela nyingine.