Uzoefu wangu na kozi ya hesabu za fedha kwa Excel mjini Busia

Kwa miaka sita nimeshika daftari za duka la nafaka la dada yangu hapa Busia, upande wa Uganda, ambako mahindi na maharage tunayanunua kwa shilingi ya Uganda na mara nyingi tunayauza kwa shilingi ya Kenya. Mwaka jana nililipa shilingi 350,000 za Uganda nikajiunga na kozi ya wiki nane ya uchambuzi wa biashara na hesabu za fedha kwa lahajedwali ya Excel, katika kituo kimoja cha kompyuta mjini, kila Jumamosi asubuhi. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa madukani wanaojiuliza kama ada ya namna hiyo inarudi.

Somo la kwanza lilinitia haya. Mkufunzi alitaka kila mmoja aje na hesabu zake, nami nikaja na mauzo ya mwezi mzima, kila kiasi nimekichapa kama tunavyokiandika kwenye risiti: 250,000/=. Nilipoweka fomula ya SUM chini ya safu, jibu likatoka sifuri. Kumbe alama ile ya /= ilikuwa imegeuza kila kiasi kuwa maandishi, na SUM huyaruka maandishi kimyakimya, bila kutoa onyo lolote. Tuliifuta alama hiyo yote kwa mkupuo mmoja, na jumla ikajitokeza. Siku hiyohiyo nilijifunza kuifungia seli yenye bei ya kubadilishia fedha kwa alama ya dola, yaani $F$1, kwa sababu bila hiyo fomula ukiiburuta chini huhamia F2, ambayo ni tupu, na magunia yote yanayofuata huonekana yameuzwa bure.

Hata hivyo, kilichorudisha ada yangu ni somo la tano, la mikopo. Wakati huo dada alikuwa akilipa mkopo wa shilingi 10,000,000 wa miezi 12, ambao tulielezwa kuwa riba yake ni asilimia 2 kwa mwezi. Niliandika =PMT(2%,12,-10000000), fomula inayokokotoa rejesho la kila mwezi, na programu ikanipa shilingi 945,596 kwa mwezi, ilhali kwenye kitabu chetu cha marejesho kila mwezi tulikuwa tukitoa 1,033,333. Kwanza nilidhani nimekosea, nikarudia mara tatu. Mkufunzi ndiye aliyenieleza kwa Kiswahili, polepole, kwamba PMT hutoza riba juu ya salio linalopungua kila unapolipa, lakini mkopeshaji wetu alikuwa akitoza asilimia 2 ya milioni 10 nzima kila mwezi, hata mwezi wa mwisho ambapo deni lilikuwa limebaki kidogo mno. Kwa njia ya kwanza riba yote ingekuwa kama shilingi 1,347,000. Kwa njia yao ilikuwa 2,400,000. Kisha tukaigeuza hesabu kwa fomula ya RATE, inayotafuta riba kutokana na rejesho, na ikabainika kwamba riba tuliyokuwa tukilipa, ikipimwa kwa salio, ilikaribia asilimia 3.5 kwa mwezi.

Nilimpelekea dada karatasi hiyo dukani. Aliitazama kwa muda, akaniuliza, "Kwa hiyo pesa niliyokwisha kuirudisha bado wananitoza riba yake?" Sijapata maelezo ya mtaalamu yaliyo wazi kuliko swali hilo.

Kozi ilikuwa na upungufu wake. Tulikuwa watu ishirini kwa kompyuta kumi na moja, na umeme ulipokatika kazi ambayo haijahifadhiwa ilipotea. Mifano mingi ilihusu mikopo ya nyumba ya miaka 30 kwa dola, jambo lisilomhusu hata mmoja wetu. Kosa lililonikera zaidi lilikuwa katika thamani halisi ya sasa (NPV), yaani mapato ya miaka ijayo yakipimwa kwa thamani ya leo, ukitoa gharama. Tulipewa mfano wa mashine ya kusaga ya shilingi 12,000,000 inayoingiza 5,000,000 kila mwaka kwa miaka mitatu, kwa kiwango cha asilimia 15 kwa mwaka cha kupunguzia thamani ya fedha za baadaye, tukaambiwa tuweke namba zote nne, bei na mapato ya miaka mitatu, ndani ya fomula ya NPV. Jibu likawa hasara ya 507,717. Nilikuja kugundua nyumbani kwamba Excel huichukulia namba ya kwanza ndani ya NPV kama fedha ya mwisho wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo bei ya mashine, inayolipwa leo, hutolewa nje ya mabano. Ukifanya hivyo hasara ni 583,874. Uamuzi haubadiliki, mashine hiyo hainunuliki kwa vyovyote, lakini mkufunzi wa fedha hakupaswa kuliacha hilo lipite.

Majedwali ya muhtasari (pivot table), yanayojumlisha orodha ndefu kwa makundi, yalipewa nusu saa tu, nami nimeyamalizia mwenyewe usiku, baada ya kufunga duka. Kwa mtu asiyeshika hesabu za biashara yoyote, nadhani kozi hii itakuwa ghali, kwa kuwa fomula zisizo na namba zako mwenyewe husahaulika haraka. Mwenye duka na aende, ila abebe kompyuta yake yenye betri nzima, pamoja na kitabu cha marejesho ya mkopo wake.